Bodaboda kwenye msiba wa mwanajeshi

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi bodaboda wa kijiwe cha Majengo, Dodoma, tunataka kusindikiza jeneza la mwanajeshi, kaka wa mwenzetu, hadi Kondoa. Nasikia Marekani wapo wanaojitolea hivyo. Inafaa?

JIBU: Marahaba kijana. Wapo, Patriot Guard Riders, kundi la waendesha pikipiki walioanza Kansas mwaka 2005 kuwakinga wafiwa dhidi ya waandamanaji waliofika mazikoni kutukana. Hawaendi bila kualikwa na familia. Wakifika, husimama kimya na bendera. Basi anza na baba wa marehemu, kisha wanajeshi wanaosimamia mazishi. Na hizo honi, jamani! Tulipomzika mdogo wangu kule Bahi, vijana walipiga resi mpaka mama akaziba masikio kwa khanga. Fungeni kitambaa cheusi kwenye saitimira, mfuate mwendo wa gari la maiti.