Soda Moja Kutwa Nzima

Kibanda changu cha uwakala kiko Mbagala, mabati juu, jua la Dar ubavuni. Kila siku saa nne asubuhi nilikuwa nanunua kola ya nusu lita na kuiweka kando ya simu za kazi. Mteja akija, nafunga kifuniko. Akiondoka, funda moja. Chupa ilikuwa inaisha saa tisa alasiri, imeshakuwa ya moto na gesi hamna. Nikajiona mtu wa kiasi: wenzangu wanashusha mbili tatu, mimi moja tu.

Gego la chini kushoto likaanza kwa kustuka na maji baridi. Nikahamia kutafuna kulia. Nikasukutua maji ya chumvi, nikaweka karafuu (karafuu inatuliza kweli, lakini shimo haizibi). Mpaka usiku mmoja nikakesha nimekaa kitandani, shavu mkononi.

Daktari wa meno hakuniuliza nakunywa soda ngapi. Aliuliza, "Dada, hiyo moja unaimaliza kwa muda gani?" Nikamjibu, saa tano hivi. Akaguna.

Mdomoni kuna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na asidi inalainisha tabaka gumu la nje la jino. Mate ndiyo yanayoipunguza makali na kurudisha madini, ila yanahitaji kama nusu saa, pengine zaidi. Mtu anayepiga funda kila baada ya dakika kumi hayapi mate nafasi hata kidogo. Halafu kola yenyewe ni kali kabla bakteria hawajaigusa: pH yake (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ni kama 2.5, na jino huanza kupoteza madini ikishuka chini ya 5.5 hivi. Kwa hiyo hata ile isiyo na sukari, japo hailishi bakteria, bado inalila jino.

Nyumbani nikasoma lebo: gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Nikachota sukari kwa kijiko cha chai, nikamimina kwenye sahani. Vijiko 13. Mwanangu akauliza, "Mama, unapika maandazi?" Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Nusu lita ile ilikuwa 53, na chai ya asubuhi sijaihesabu.

Soda sijaacha, nisikudanganye. Nakunywa Jumapili na pilau, naimaliza palepale mezani, kisha maji. Kibandani ni maji tu. Usikimbilie mswaki ukimaliza soda, maana jino bado ni laini. Subiri nusu saa. Usiku tumia dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayoimarisha jino), tema povu, usisukutue. Hilo la kutosukutua lilinishinda wiki nzima! Na usijifiche nyuma ya neno "asili": juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari ni asidi na sukari kwenye glasi moja, na juisi ya miwa ukiinywa kidogo kidogo kutwa ni mchezo uleule.

Gego langu halikuzibika, shimo lilishafika ndani mno. Liling'olewa siku ileile niliyoenda kwa daktari. Pengo lipo mpaka leo, na wali hauachi kuingia humo.