Mwanangu, kuhusu huyo mpelelezi wa mjomba ako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, nikaiacha, nikaenda kuinjika maharage ndo nimerudi. Unauliza kama ntakasirika ukimlipa mpelelezi binafsi atafute mjomba ako aliishia wapi. Sikasiriki. Ila kuna kitu sijawahi kukwambia, mi nilishamlipa mmoja mwaka 2005, wewe uko shule ya msingi, nikakudanganya hela ya viatu imechelewa.

Hii habari we unaijua nusunusu. MV Bukoba ilizama Jumanne asubuhi, tarehe 21 Mei 1996, Mwanza wanaikaribia kabisa. Meli ya watu 430, ilitoka Bukoba ikapita Kemondo ikaongeza watu na mizigo, wakafa zaidi ya 800 na hesabu kamili hakuna maana daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, na mjomba ako alikuwa mtu wa daraja la tatu. Ilipopinduka watu walikuwa wanagonga kwa ndani, waokoaji wakatoboa tundu wawatoe, hewa ikatoka ikazama moja kwa moja, wengi wakabaki humohumo. Miili mingine ilizikwa Igoma. Babu yako alikaa Mwanza siku tisa anafunua mashuka, akarudi mikono mitupu, tukazika koti la mjomba ako hapa kibanjani.

Sasa yule mpelelezi alikuwa askari mstaafu, mpole, kaunta buku lake kwapani. Nikajua ataanza na mambo ya meli, nahodha, sijui nani alilaumiwa. Wala. Aliuliza swali moja tu, nani alimwona akipanda?

Nikakosa jibu. Miaka tisa yote hakuna aliyeuliza hivo! Mjomba ako alitoka jioni na begi, ametoka kugombana na babu yako hela ya kahawa, akasema naenda Mwanza, kesho yake meli ikazama, basi tukalia. Unajua hata al-Qaeda mkubwa wao mmoja, al-Banshiri, alifia mle, na wenzake wakatuma watu waje kuhakikisha. Sisi ndugu wa damu hatukuhakikisha.

Yule mpelelezi akaenda Kemondo, akashinda na makuli wiki nzima, akarudi na neno la mmoja wao, kwamba kuna kijana mwenye begi la namna ile alimuuzia tiketi yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, palepale gatini, alafu akaondoka kwa mguu. Labda ni yeye, labda siye. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja, na miaka ilishapita. Akataka laki tatu avuke Uganda kuulizia.

Nilikuwa nazo. Nikamwambia aache.

Bibi yako alikuwa hai, kila jioni anakaa pale penye koti na kikombe cha kahawa anamsimulia mwanae habari za siku. Ningemwambia nini? Kwamba labda yuko mzima na alituacha tulie vile? Au kwamba kuna mama wa watu alikufa na mtoto kwa tiketi yake? Nikanyamaza, na baba yako naye sikumwambia.

Sasa bibi hayupo, we fanya. Hela usimpe yote mwanzoni, mpe nauli na nusu ya malipo, nusu nyingine akileta kitu. Akikwambia atatoa rekodi za simu za mwaka 96 mfukuze, nani alikuwa na simu Kemondo? Mambo ya meli asikuandikie kurasa, hayo yanajulikana. Aanzie gatini. Yule kuli alikuwa mtu mzima tayari, sijui kama bado yupo, ila jina lake limo kwenye lile kaunta buku la mpelelezi, aliniachia, liko kwenye sanduku la bati chini ya vitenge, uje mwenyewe ulichukue, usinitumie mtu wa basi.

Na mwambie amuulizie na yule mama mwenye mtoto. Kwao huenda mpaka leo hawajui kama alipanda.

Mama ako