Innsbruck, ich muss dich lassen: huzuni yake iko wapi?

Mkuu, umeuliza wimbo huu wa Kijerumani wa kuaga, ambao jina lake ni kama kusema "Innsbruck, sina budi kukuacha", unawezaje kuumiza hivi ilhali uko kwenye meja, ngazi ya sauti ambayo kwa kawaida husikika ya furaha. Hata mimi nilijiuliza hivyo nilipouimba mara ya kwanza, nikiwa besi kwenye kwaya ndogo ya wanafunzi huko Ujerumani.

Aliyeupanga kwa sauti nne ni Heinrich Isaac, mtu wa Flanders (eneo ambalo sehemu kubwa yake leo iko Ubelgiji), aliyeajiriwa mwaka 1497 kuwa mtunzi wa Mfalme Maximilian wa Kwanza. Innsbruck, ulioko Austria, ulikuwa mji ambao mfalme huyo aliupenda sana. Kama tuni ni yake au aliikuta ikiimbwa na watu, wataalamu hawajakubaliana. Mkusanyaji wa nyimbo Georg Forster aliuchapisha wimbo huu mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1539, Isaac akiwa ameshafariki miaka 22.

Sasa chukua solfa ya mstari wa kwanza, yaani do, re, mi zikiandikwa kwa herufi: m d r m s f m. Iimbe polepole. Unashuka hadi do, unapanda, unagusa so, halafu unarudi kwenye mi ileile uliyoanzia. Tuni haikutulia nyumbani. Kwangu mimi, huyo ni mtu ameshabeba mzigo, amefika mlangoni, akageuka kutazama.

Nyimbo nyingi za Kijerumani za enzi zile ziliweka tuni kwenye sauti ya tenor, ile ya juu ya wanaume, sauti nyingine zikiizunguka. Hapa iko juu kabisa, kwenye soprano, na sauti zote nne karibu kila mahali zinatamka neno kwa pamoja. Kila mstari ukiisha, wimbo unasimama, unavuta pumzi. Beti ina mistari sita, mizani 7, 7, 6 kisha tena 7, 7, 6, na vina vimepangwa vizuri. Mtu aliyezoea mashairi yetu ataisikia mizani hiyo mara moja.

Tulikosea jambo moja. Nakala zetu zilikuwa na vile vistari vya wima vinavyogawa mapigo, nasi tukawa tunakaza sauti kila baada ya kistari, wimbo ukageuka gwaride. Mwalimu akatuambia tufunge karatasi, tusome maneno kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeongea na mwenzake, ndipo tuimbe. Vitabu vya Forster havikuwa na vistari hivyo, na kila mwimbaji alishika kitabu cha sauti yake tu, kwa hiyo ilibidi wasikilizane. Siku ile ndipo nilipoanza kuwasikia waimbaji wa alto, sauti iliyo chini ya soprano.

Halafu kuna neno Elend, mstari wa mwisho wa beti ya kwanza. Mjerumani wa leo analisikia kama taabu, dhiki. Zamani lilimaanisha kuwa nchi ya watu, mbali na kwenu. Sisi tunalo neno lake hasa: ughaibuni. Isaac anaurudia mstari huo, na safari ya pili maneno yanavutwa kwa noti nyingi, kama mtu asiyetaka kulimaliza.

Baadaye Walutheri waliipa tuni hii maneno ya dini, na mtunzi Mjerumani Bach aliitumia kwenye Mateso ya Mathayo, kazi yake kubwa ya kwaya kuhusu mateso ya Yesu. Ni nzuri kule pia, ila ule mvuto wa mwisho haupo, na mimi huukosa kila mara.

Mkiuimba, besi wasiongeze sauti pale mwishoni. Waacheni soprano wazunguke wenyewe, ninyi shikilieni noti zenu chini mpaka wamalize.