Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Olomouc Pamoja na Mama

SWALI: Mhariri, huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo hapa Prague, na mwezi wa Mei mama yangu atakuja kunitembelea kwa wiki moja. Ana umri wa miaka 66, ni mcha Mungu, anapenda makanisa ya kale, lakini msongamano wa watu humchosha haraka, nami najua hatafurahia kusukumana na watalii juu ya daraja la Karlův most. Wenzangu wananishauri nimpeleke Kutná Hora au Český Krumlov. Mmoja tu alinitajia Olomouc, mji ambao sikuwahi kuusikia. Je, unafaa kwa safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, na tukifika tuanzie wapi?
Mwanafunzi, Prague

JIBU: Mpeleke mama Olomouc. Miji miwili uliyoitaja ni mizuri kwelikweli, ila sifa zake zimekwisha kuenea, na mwezi wa Mei mtakutana huko na umati uleule mnaoukimbia Prague. Olomouc (wenyeji hutamka “Olomouts”) uko Moravia, mashariki mwa nchi. Una wakazi wapatao laki moja na chuo kikuu kilichoanza mwaka 1573, kwa hiyo watu wengi mtakaopishana nao barabarani ni wanafunzi wanaowahi darasani na wazee waliotoka sokoni.

Safari ni ya treni, takribani kilomita 250, na huchukua saa mbili na dakika chache kutoka stesheni kuu ya Prague. Njia hiyo ina kampuni kadhaa zinazoshindana, nanyi mkikata tiketi mapema mtapata nafuu ya bei, lakini kumbuka kwamba tiketi ya kampuni moja haikubaliki katika treni ya kampuni nyingine. Jambo hili huwapata wageni wengi wakati wa kurudi, wanapoiona treni imesimama na kuipanda bila kutazama ni ya nani. Kwenye ubao wa stesheni tafuta maandishi “Olomouc hl. n.”, yaani stesheni kuu ya Olomouc. Mkiondoka saa mbili asubuhi, mtafika saa nne na kitu.

Stesheni iko kilomita mbili hivi kutoka katikati ya mji. Kijana hutembea bila shida, lakini kwa ajili ya mama pandeni tramu nje ya stesheni, mwende moja kwa moja hadi karibu na uwanja wa Horní náměstí. Nasema moja kwa moja kwa sababu mtaliona kanisa kuu njiani, na mama atataka kushuka. Mwombe avumilie, kwani mtalirudia alasiri mkiwa mnaelekea stesheni, na kabla ya saa sita mchana ni lazima muwe uwanjani.

Uwanja huo ndio sababu ya ushauri wangu wote. Hapo imesimama Nguzo ya Utatu Mtakatifu, yenye urefu wa mita 35, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ilianza kujengwa mwaka 1716, baada ya tauni iliyoupiga mji, na ikakamilika mwaka 1754. Fundi aliyeianzisha, Wenzel Render, alikuwa mwashi wa mjini humohumo. Alifariki mwaka 1733, miaka 21 kabla ya kazi kukamilika, na mali yake akaiachia nguzo hiyo ili ujenzi usikwame. Ilipowekwa wakfu, malkia Maria Theresa mwenyewe alihudhuria.

Usiiangalie ukiwa mbali na kupiga picha ukaondoka. Mshike mama mkono, mpande ngazi zinazoizunguka. Chini kabisa, ndani ya nguzo yenyewe, mna kanisa dogo, na juu yake wamepangwa watakatifu wa mawe 18 katika ngazi tatu, hadi kwenye kilele ambako Utatu Mtakatifu unang'aa kwa shaba iliyopakwa dhahabu. Kisha tafuteni kwenye mwili wa nguzo kitu kama nusu ya chungwa la dhahabu kilichopachikwa katika jiwe. Hiyo ni kumbukumbu ya mwaka 1758, jeshi la Prussia lilipouzingira mji na mizinga yake ikaigonga nguzo, miaka minne tu baada ya kukamilika. Wenyeji husimulia kwamba watu walitoka kwa maandamano kumsihi jenerali wa adui asiendelee kuilenga. Mimi nilipoiona alama hiyo nilisahau kabisa hesabu za mita na miaka, nikawafikiria watu waliokuwa na njaa na hofu ndani ya kuta, lakini bado wakahangaikia nguzo.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye ukuta wa jumba la mji, iko saa ya falaki. Ile ya kale iliharibiwa na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma mwezi Mei 1945. Ilipojengwa upya, kwa kazi iliyokamilika mwaka 1955, nchi ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Wakomunisti, na msanii Karel Svolinský akaipamba kwa mozaiki ambamo utamwona fundi wa mitambo na mkemia, si mitume wala malaika. Inapofika saa sita mchana muziki hulia na sanamu ndogo za watu wa kazi hupita mmoja baada ya mwingine. Wapo wanaoibeza saa hii kuwa haina uzuri. Mimi siafikiani nao, kwa kuwa sijaona mahali pengine Ucheki ambapo mtu anaweza kusimama katikati ya uwanja mmoja, akageuza shingo tu, akaona watu wa karne ya 18 walimshukuru nani baada ya janga, na watawala wa karne ya 20 walitaka nani ashukuriwe. Mama yako ameishi miaka ya kutosha kuona tawala zikija na kupita, nami naamini ataelewa pasipo kuelezwa.

Kwa chakula, kama ni siku ya kazi, ulizeni “polední menu”, yaani chakula cha mchana kilichopangwa, ambacho bei yake ni ya chini kuliko vyakula vingine vya mgahawa. Jibini ya sehemu hizo, tvarůžky, ina harufu kali sana ingawa mafuta yake hayafiki asilimia moja. Huliwa kwa mkate na kitunguu. Ionjeni hapohapo mezani, na mkitaka kubeba basi ifungwe vizuri, kwa ajili ya abiria wenzenu.

Baada ya kupumzika, teremkeni taratibu kuelekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Václav, ambalo liliwekwa wakfu mwaka 1131 na mnara wake mkubwa unapita mita 100. Jirani nalo, mwaka 1306, aliuawa Mfalme Václav wa Tatu, na ukoo wa Přemysl ulioitawala Bohemia kwa karne nyingi ukakoma kwa upande wa wanaume. Mlango wa pili ni makumbusho ya jimbo kuu, lakini msiende Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo makumbusho mengi nchini humo hufungwa. Jambo moja la kuzingatia ni viatu: barabara za mji wa kale zimetandikwa mawe, na mama avae vyenye soli bapa. Akichoka, chemchemi za kale ziko sita, na karibu nazo hapakosi pa kukaa.

SWALI: Nitakuwa Vienna kwa mkutano, nami nina visa ya Schengen iliyotolewa na Austria. Je, naweza kwenda Olomouc kwa siku moja bila kuomba kibali kingine?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Unaweza, kwa sababu Ucheki imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2007, mradi visa yako iwe ya kawaida inayotumika katika eneo lote na siku zake ziwe hazijakwisha. Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Badili fedha kidogo, maana Wacheki hutumia koruna na si euro. Utakuwa unafuata njia ya Mozart, ambaye mwaka 1767, akiwa na miaka 11, wazazi wake walimtoa Vienna wakikimbia ndui. Ugonjwa ulimpata hukohuko Olomouc, akauguzwa katika nyumba ya mkuu wa mapadri wa kanisa kuu hadi akapona. Nyumba hiyo ipo hadi leo, katika eneo hilohilo la kanisa kuu nililomweleza mwanafunzi hapo juu.