Majanga ya ghafla hayakatazwi kwenye jiolojia

Hapana ndugu, unayesema wanajiolojia wanakataa majanga ya ghafla: hawayakatai. Walichokataa ni kuelezea kila kitu kwa gharika, na hapo nao walipitiliza, hata mafuriko ya kweli wakayatilia shaka. Mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz alisema makorongo makavu ya mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, yalichimbwa na mafuriko ya ghafla. Wenzake wakambeza: maji yote hayo yalitoka wapi? Kumbe zama za barafu kulikuwa na ziwa kubwa, Ziwa Missoula, limezibwa na barafu. Barafu ikaachia, maji yakafumka, ikaziba tena, ikaachia tena, mara nyingi tu. Yapo hadi leo matuta ya changarawe yaliyoachwa na mafuriko hayo, mfano wa vile vijituta vya mchanga maji yakitoka ufukweni, ila haya yana kimo cha mita kadhaa! Mwishowe Bretz alitunukiwa Medali ya Penrose, tuzo kubwa ya wanajiolojia wa Marekani, mwaka 1979, ameshavuka miaka 95.