Ukipewa uenyekiti wa kamati ya usawa, usikimbilie kuitikia

Mkuu wa kitivo alinipigia simu niko katikati ya raundi ya wodi, nikatoka koridoni kupokea, na kusema ukweli niliposikia "tumeona wewe ndo unafaa kuongoza kamati ya usawa na ujumuishi" nilijiona mtu. Nikakubali palepale nimesimama, hata sikuuliza ni ya miaka mingapi. Naandika haya kwa sababu juzi kuna mdogo wangu kazini kapewa ofa ileile, kaja kuniuliza akubali au vipi.

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa aya mbili, pongezi na "tunatarajia mchango wako". Bajeti hakuna, muda hakuna. Kliniki zilibaki zilezile, zamu zilezile, mihadhara ileile, mambo ya kamati nikawa nayafanya usiku. Kwenye vikao vya kitivo ripoti yangu ilikuwa inakaa chini kabisa ya ajenda, kwenye "mengineyo", pale watu washaanza kukusanya makaratasi yao. Ila picha yangu kwenye tovuti waliiweka kubwa tu.

Nikaja kuomba uprofesa mshiriki. Miaka mitatu ya kamati, wanafunzi sijui wangapi walioketi ofisini kwangu wanalia mlango umefungwa, yote yakawa mstari mmoja chini ya kichwa "huduma". Machapisho machache, rudi tena mwakani. Mwenzangu tulioajiriwa naye siku moja, ambaye hakuna anayempigia simu awakilishe mtu yeyote, miaka hiyo yote alikuwa anaandika tu makala zake, akapita. Simlaumu.

Amado Padilla, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1994 hili jambo aliliita kodi ya kitamaduni. Yaani mkiwa wawili watatu tu wa aina yenu mahali, kila kamati inayotaka sura kama yako inakuja kwako, na ile kodi hakuna anayekurudishia.

Kwa hiyo kabla hujasaini omba kwa maandishi: siku ngapi za kliniki zinatoka na nani atazishika, hela iko kwenye kasma gani, na kazi hii inahesabikaje kwenye kupandishwa cheo. Hayo wengi wanayajua. Mimi ningeng'ang'ania zaidi kura kwenye jopo la usaili wa wakuu wa idara, maana ahadi zote nzuri zinafia pale. Nimeona mara mbili: kiti kinabaki wazi, mtu anakaimishwa kimyakimya "kwa muda", mwaka unapita, halafu tangazo la kazi linatoka limekatwa na kushonwa kwa vipimo vya yuleyule kaimu, halafu mwenyekiti wa usawa anaitwa aje kusema mchakato ulikuwa wazi. Mimi nilisema. Bado naona aibu.

Na wakikuambia mambo haya yanahitaji muda, wakumbushe ya Uingereza. Mwaka 2011 Sally Davies, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali kwa England, alisema vitivo vya tiba visivyo na tuzo ya Athena SWAN ya daraja la fedha, ile ya usawa wa kijinsia, visitegemee kuingia kwenye mchujo wa pesa kubwa za utafiti za NIHR, taasisi ya huko inayofadhili utafiti wa afya. Watu waliokuwa "wanalifanyia kazi" miaka nenda rudi wakaanza kukimbizana kujaza fomu. Sharti lilikuja kuondolewa 2020, ila mimi nililojifunza pale ni kwamba kitivo kinasikia vizuri sana pesa ikiguswa.

Mdogo wangu kawaandikia barua pepe Jumatatu. Wamemjibu siku moja ya kliniki kwa wiki watampa, ya kura "wanaendelea kuijadili". Nimemwambia kalamu aiweke chini kwanza.