Kabla ya kuuliza mashine, uliza bikabonati

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Mtaalamu, maabara yetu imepata fedha. Tununue mashine gani ya kupima kaboni ogani kwenye maji ya kunywa?" Swali hilohilo ndilo lililonigombanisha na mkuu wangu wa zamani.

Maji yenyewe yalikuwa ya kisima kirefu, magumu, yenye kaboni isiyo ogani (yaani ya madini, si ya mabaki ya viumbe) kama miligramu 60 kwa lita, karibu yote bikabonati. Mashine yetu mpya ilipima kaboni yote, ikapima isiyo ogani, kisha ikaondoa ya pili kwenye ya kwanza ili ibaki ogani. Leo 2.3, kesho hasi. Hasi! Yaani maji yanadaiwa kaboni. Mkuu akasema mikono yangu ni michafu, tena mbele ya wenzangu. Hesabu hakutaka kuiona: kosa la asilimia 2 kwenye 60 ni miligramu 1.2, na kaboni ogani ya visima vya aina ile mara nyingi haifiki 2. Kosa linakimeza unachokitafuta.

Nikachukua sampuli nyingine, nikatia asidi ya fosforasi mpaka pH ikashuka chini ya 2, nikapuliza hewa isiyo na kaboni dioksidi. Viputo vikapanda, bikabonati ikatoka kama gesi, nikapima kilichobaki. 0.9, 0.9, 0.8. (Ogani zinazoruka kirahisi huondoka pia, ila kwenye maji ya asili huwa ni kidogo mno.) Karatasi nikamwekea mezani, hakuisoma. Baadaye maabara ya nje ikaleta jibu lilelile, ripoti ikatoka bila jina langu. Bado inaniuma, sifichi.

Basi nyie mnaotaka majibu yenu yaheshimiwe, sikieni. Asidi kwanza, kabla ya kupima kaboni. Kichujio cha mikromita 0.45 kisuuzeni na mmwage maji ya mwanzo, maana kikiwa kipya hutoa kaboni yake chenyewe. Chupa ziwe za kioo. Na asidi kwanza, narudia.

Msidharau pia kipima mwanga, kinachoonyesha maji yanafyonza kiasi gani cha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Unahitaji kuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatzi na sampuli iliyochujwa, basi. Ukishapata kipimo cha kaboni, ufyonzaji kwa sentimita ugawe kwa miligramu za kaboni ogani iliyoyeyuka kwa lita, zidisha kwa 100. Ukipata zaidi ya 4, ni mabaki ya mimea yaliyooza, na shabu itayakamata vizuri. Chini ya 2, shabu haitakusaidia sana. Chuma kikiwa kingi kitakudanganya, kipime kando. Haya si mapambo ya maabara: tangu 1974, mkemia Johannes Rook alipoonyesha kule Rotterdam, Uholanzi, kwamba klorini ikikutana na mabaki hayo ya mimea huzaa klorofomu, kemikali yenye madhara, anayetibu maji bila kuyajua anabahatisha na afya za watu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na kipima mwanga. Mashine ya kaboni ifuate, na muuzaji aeleze kama inatia asidi na kupuliza hewa yenyewe. Akikwepa, muulize tena.